Joto la Ziada katika Chumba cha Kukuzia Uyoga: Mfano wa Kiegeani, Mafia

Mkulima wa shambani huipokea hali ya hewa kama ijavyo. Mvua ikichelewa husubiri, na jua likiwa kali huvumilia. Lakini mtu anayekuza zao lake ndani ya chumba hujitwika kazi ambayo shambani hufanywa na upepo, umande, kivuli na usiku. Mara afungapo mlango huwa amejifanya msimamizi wa hali ya hewa, na jambo la kwanza litakalomsumbua katika mwambao wa Afrika Mashariki ni joto.

Makala hii inaeleza namna joto linavyoingia, linavyozalishwa na linavyotolewa katika chumba cha kukuzia uyoga. Mfano uliochaguliwa ni wa chumba cha kufikirika kilichojengwa Kiegeani, katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani. Hesabu zote zimo katika uwezo wa mwanafunzi wa sekondari ambaye amekwisha kujifunza mada ya joto katika fizikia.

Kwa nini uyoga? Uyoga si mmea bali ni kuvu. Hautengenezi chakula chake kwa nuru ya jua, bali huozesha mabaki ya mimea na kujilisha kwayo. Kwa sababu hiyo huweza kukuzwa ndani ya chumba, juu ya majani makavu ya migomba, mabua ya mpunga au mabaki mengine ya shambani, ambayo wataalamu huyaita vioteshea. Anayeishi kisiwani kwa kawaida hulazimika kuagiza mbegu ya uyoga kutoka bara, ivuke bahari pamoja na abiria na mizigo, labda kwa chombo kitokacho Nyamisati kwenda Kilindoni. Zao likiungua, fedha ya mbegu hupotea pamoja na kazi ya mwezi mzima. Kwa mwananchi mwenye mtaji mdogo hasara hiyo si ndogo.

Joto lipi ni la ziada?

Hakuna joto ambalo ni la ziada kwa kila kiumbe. Joto huwa la ziada likivuka kiwango kinachofaa kwa kiumbe kinachohusika. Uyoga unaoitwa mamama, wa jenasi ya Pleurotus, una aina nyingi. Utando mweupe wa aina zinazokuzwa katika nchi za joto hukua vizuri katika nyuzi 25 hadi 28 za Sentigredi. Joto likipita nyuzi 35 utando hudhoofika, na likikaribia 40 kwa muda mrefu huanza kufa. Utando uliodhoofika hauwezi kujikinga. Ukungu wa kijani huuvamia, na mkulima hudhani kwamba aliuziwa mbegu mbaya, kumbe mbegu iliunguzwa na chumba.

Huko Mafia, mchana wa miezi ya Januari hadi Machi joto la hewa kivulini hupita kidogo nyuzi 30. Katika makala hii litachukuliwa kuwa nyuzi 31. Ni dhahiri kwamba nafasi ya kukosea ni ndogo sana: nyuzi nne tu zaidi ya hewa ya nje zinatosha kuleta madhara.

Joto linatoka wapi?

Na ichukuliwe kwamba chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Eneo la paa ni mita za mraba 12, na ujazo wa hewa ni mita za ujazo 30. Ndani yake mna mifuko 200 ya vioteshea, kila mmoja ukiwa na uzito wa kilo 2. Joto huingia au kuzaliwa humo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni jua. Mafia ipo karibu na nyuzi 8 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Wakati huo, saa sita mchana pasipo mawingu, kila mita ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 za mnururisho wa jua. Bati kuukuu lililoshika kutu hufyonza sehemu kubwa ya nishati hiyo na kupata joto la nyuzi 60 au zaidi. Sehemu kubwa hurudi nje kwa upepo na mnururisho, na sehemu iliyobaki huwaangazia walio chini yake. Ikiwa asilimia 15 tu huingia ndani, basi:

wati 1,000 × 0.15 × mita za mraba 12 = wati 1,800.

Makuti hufanya kazi kwa namna nyingine. Ndani ya tabaka za majani yaliyokaushwa mna hewa nyingi isiyotembea, na hewa iliyotulia ni kipitishi dhaifu cha joto. Ikiwa paa nene la makuti huruhusu asilimia 3 tu, basi:

wati 1,000 × 0.03 × 12 = wati 360.

Asilimia hizi zimechaguliwa kwa ajili ya hesabu. Hubadilika kwa unene wa makuti, umri wa bati na nguvu ya upepo. Hata hivyo tofauti yake kubwa ni ya kweli, na kila mtu aliyewahi kukaa chini ya mapaa hayo mawili saa saba mchana anaijua.

Njia ya pili ni uyoga wenyewe. Kuvu hupumua. Huchukua oksijeni, huunguza wanga na selulosi za vioteshea polepole, na kutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Mifuko 200 ina kilo 400, na ikiwa theluthi mbili hivi ni maji, mabaki makavu ni kilo 140. Na ichukuliwe kwamba sehemu moja ya kumi, yaani kilo 14, huunguzwa katika siku 20 za mwanzo. Kilo moja ya selulosi ikiunguzwa yote hutoa takriban juli milioni 17. Basi jumla ni juli milioni 238. Siku 20 zina sekunde 1,728,000. Ukigawanya, utapata wastani wa wati 138, au kwa kukadiria, wati 140.

Njia ya tatu ni taa na watu. Hapa pana kosa linalofanywa mara nyingi. Watu husema kwamba taa bora hutoa mwanga bila joto. Kwa kweli mwanga unaopiga kuta, sakafu na mifuko hufyonzwa na kugeuka joto. Kila wati inayoingia chumbani kwa waya huishia kuwa wati ya joto, isipokuwa sehemu ndogo inayotoka dirishani au inayohifadhiwa na mimea. Ndiyo maana katika nchi za baridi, ambako mboga hukuzwa ndani ya vyumba chini ya taa nyingi, mkulima huweza kuhangaika na joto la ziada hata theluji inapoanguka nje. Kwa chumba cha Kiegeani, taa ndogo na mtu anayeingia kwa vipindi vinaweza kuhesabiwa kuwa wati 60.

Jumla basi ni wati 2,000 chini ya bati, na wati 560 chini ya makuti. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba adui mkubwa ni paa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: lizuie joto lisiingie, kabla ya kutafuta namna ya kulitoa.

Hatari iliyojificha ndani ya mifuko

Wati 140 za uyoga zinaonekana kuwa kidogo zikilinganishwa na za jua. Lakini joto la jua hutua juu ya paa, hali joto la uyoga huzaliwa katikati ya mfuko, mahali ambapo upepo haufiki.

Wati 140 zikigawanywa kwa kilo 400 ni wati 0.35 kwa kila kilo. Katika siku moja, yenye sekunde 86,400, kila kilo hupata takriban juli 30,000. Kilo moja ya vioteshea vyenye maji huhitaji kama juli 3,000 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1. Kwa hiyo, kama joto hilo lisingepata njia ya kutoka, mfuko ungepanda nyuzi 10 kila siku. Mfuko uliokuwa na nyuzi 28 Jumatatu ungefika 38 Jumanne.

Mfuko uliotundikwa peke yake, wenye nusukipenyo cha sentimita 10, hupoa vizuri. Katikati yake huwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi mbili au tatu tu. Lakini mifuko ikirundikwa hugeuka kuwa kama mfuko mmoja mkubwa. Tofauti ya joto kati ya katikati na ngozi hukua kwa mraba wa unene: unene ukizidishwa kwa 2, tofauti huzidishwa kwa 4, ukizidishwa kwa 5, tofauti huelekea kuzidishwa kwa 25. Ndiyo sababu rundo huweza kuungua katikati ndani ya siku chache, ingawa kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaonyesha kwamba mambo ni salama.

Kutokana na hayo, mifuko itengane kwa upana wa kiganja, itundikwe au ipangwe juu ya chanja zenye nafasi, na kipimajoto kimoja kichomekwe katikati ya mfuko ulio ndani kabisa. Huo ndio mfuko utakaotoa habari za kweli.

Kuitoa hewa ya moto

Joto lililokwisha kuingia huondolewa kwanza kwa kubadilisha hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa huchukua takriban juli 1,200 kwa kila nyuzi 1 ya kupanda kwake. Ikiwa chumba hakitakiwi kupita joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 2, kila mita ya ujazo inayopita itabeba juli 2,400. Basi:

Chini ya bati: 2,000 ÷ 2,400 = mita za ujazo 0.83 kila sekunde.
Chini ya makuti: 560 ÷ 2,400 = mita za ujazo 0.23 kila sekunde.

Chumba cha bati kinahitaji hewa yake yote ibadilishwe kila baada ya sekunde 36. Huo si upitishaji wa hewa tena, ni upepo wa kukausha, na uyoga mchanga utanyauka kabla haujafunua kofia. Chumba cha makuti kinahitaji mabadiliko hayo kila baada ya dakika mbili na zaidi kidogo, jambo linalowezekana.

Hewa itasukumwa na nini? Mwambao una mashine yake ya kale, nayo ni pepo za msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutawala katikati ya mwaka. Chumba ambacho kuta zake ndefu zinaelekea kaskazini na kusini, na madirisha yake yamo katika kuta hizo, hupokea pepo zote mbili. Zaidi ya hayo, kuta fupi ndizo zinazoelekea mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri hupiga kwa ukali. Mwelekeo mmoja wa nyumba hujibu maswali mawili.

Lakini kuna majira ya tanga mbili, upepo unapogeuka na siku nyingine hupita bila jani kutikisika. Hapo panahitajika myuko, yaani hewa ya moto kupanda kwa wepesi wake na ya baridi kushika nafasi yake. Ikiwa kuna matundu karibu na sakafu na mengine karibu na kilele cha paa, yaliyopishana mita 2 kwenda juu, na tofauti ya joto ni nyuzi 2, kila mita ya mraba ya tundu la chini na ya tundu la juu hupitisha takriban mita za ujazo 0.2 kwa sekunde. Chumba cha makuti basi kitahitaji tundu la mita ya mraba 1.2 chini, na jingine kama hilo juu. Chumba cha bati kitahitaji zaidi ya mita za mraba 4 kila upande, yaani zaidi ya nusu ya ukuta mmoja mfupi. Matundu hayana budi kufunikwa kwa wavu wa kuzuia wadudu, na kwa kuwa wavu hupunguza mwendo wa hewa, eneo liongezwe.

Hewa safi ina faida ya pili. Uyoga unapotoka huhitaji hewa isiyo na ukaa mwingi. Mashina marefu membamba yenye kofia ndogo ni dalili kwamba chumba kimefungwa kupita kiasi.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba upitishaji wa hewa una mpaka: hauwezi kukipoza chumba chini ya joto la hewa ya nje. Nje pakiwa na nyuzi 31, upepo wote wa Bahari ya Hindi hauwezi kukifikisha chumba kwenye nyuzi 27. Kwa kazi hiyo panahitajika msaada mwingine.

Maji na mipaka yake

Katika karne ya 18 mwanasayansi wa Scotland, Joseph Black, alionyesha kwamba maji yanapogeuka mvuke humeza joto jingi ambalo kipimajoto hakilionyeshi. Kilo moja ya maji ikikauka katika joto la kawaida la chumba humeza takriban juli milioni 2.4. Kwa hiyo wati 560 zinaweza kumezwa na maji yasiyofika lita moja kwa saa, mradi yakauke yote.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Maji hayakauki kwa amri ya mkulima. Hukauka kwa kadiri hewa inavyoweza kupokea mvuke. Kipimo chake ni kipimajoto ambacho tungi lake limefungwa kitambaa chenye maji. Joto linaloonyeshwa nacho ndilo la chini kabisa ambalo hewa hiyo inaweza kufikishwa kwa njia ya kukausha maji.

Hewa ya Dodoma yenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 30 ina kipimo cha kitambaa cha nyuzi 19 hivi. Hewa ya Mafia yenye nyuzi 31 hizo hizo lakini unyevu wa asilimia 70 ina nyuzi 26.5. Hivyo Dodoma pana nafasi ya kushuka nyuzi 12, na Mafia pana nyuzi 4.5 tu. Tena kwa kuwa vifaa vya kienyeji havifiki mwisho wa nafasi hiyo, mkulima wa kisiwani ategemee nyuzi 3. Ushauri uliotolewa kwa mikoa ya kati usihamishiwe mwambao bila hesabu.

Nyuzi 3 si za kudharau. Hushusha 31 hadi 28. Magunia ya katani yaliyolowanishwa na kutundikwa mbele ya matundu yanayoelekea upepo hufanya kazi hiyo vizuri, na mvuke wake huupatia uyoga unyevu wa asilimia 80 hadi 90 unaohitajika wakati wa kutoa kofia. Lakini kumwaga maji sakafuni katika chumba kilichofungwa hakusaidii. Hewa ikishashiba mvuke, maji hubaki kuwa maji, joto hubaki palepale, na ukungu hupata makao.

Je, mashine ya kupoza hewa?

Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kurekebisha hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu uliharibu karatasi. Wazao wa mtambo huo sasa huuzwa kila mahali. Mashine hizo haziangamizi joto. Hulihamisha tu kutoka ndani kwenda nje, na kwa wati 1 ya umeme huhamisha kama wati 3. Chumba cha bati kingehitaji basi karibu wati 670 za umeme wakati wa jua kali, na cha makuti chini ya 190. Hata mwenye nia ya kununua mashine afadhali aanze na paa.

Tena mashine ya kawaida huzungusha hewa ileile, hivyo ukaa hujikusanya. Huikausha pia, na umeme ukikatika mchana chumba kisicho na matundu hugeuka tanuri. Umeme wa Mafia umezalishwa kwa miaka mingi kwa mitambo ya dizeli ya kisiwani, na gharama ya dizeli iliyovushwa baharini si jambo la kusahauliwa.

Kubadili majira, au kubadili uyoga

Njia zote zilizotajwa hupigana na joto. Zipo njia mbili za kupatana nalo. Ya kwanza ni kalenda: mamama upandwe ili kofia zitoke kati ya Juni na Agosti, wakati wa kusi, ambapo usiku una ubaridi kuliko miezi mingine.

Ya pili ni kuchagua uyoga unaopenda joto. Volvariella volvacea hukua vizuri katika nyuzi 30 hadi 35. Kwake yeye, mchana wa Februari huko Kiegeani hauna joto la ziada hata kidogo. Mwaka 2008 watafiti Mshandete na Cuff walichapisha matokeo ya kukuza uyoga wa porini wa Tanzania, ukiwamo huo, juu ya mabaki ya mkonge. Lakini kila jema lina gharama yake. Uyoga huu huharibika upesi baada ya kuchumwa, na ukiwekwa katika jokofu huyeyuka badala ya kuhifadhika. Sharti ule, upikwe au ukaushwe karibu na siku ile ile. Mkulima asiye na mnunuzi jirani huwa ameondoa tatizo chumbani na kulipeleka sokoni.

Jaribio la darasani

Wanafunzi watengeneze masanduku mawili yaliyo sawa, moja lenye kifuniko cha bati na jingine la makuti yenye unene wa kiganja. Katika kila sanduku watundike kipimajoto kisichoguswa na jua. Wasome joto kila nusu saa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, na wachore grafu. Siku ya pili watoboe matundu chini na juu. Siku ya tatu watundike kitambaa kilicholowana mbele ya tundu la chini. Siku hiyo hiyo wapime hewa ya nje kwa kipimajoto kikavu na chenye kitambaa, kisha walinganishe mafanikio yao na mpaka uliowekwa na maumbile.

Maswali

1. Chumba chenye paa la makuti la mita za mraba 20 kina wati 200 zinazozalishwa ndani. Ikiwa wati 30 huingia kwa kila mita ya mraba ya paa, hewa kiasi gani ipite kila sekunde ili joto la ndani lisizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 2? (Jibu: mita za ujazo 0.33.)

2. Mkulima ameacha mlango wa jokofu wazi ndani ya chumba kilichofungwa, akitumaini kukipoza. Eleza kwa nini chumba kitazidi kupata joto.

3. Kipimajoto cha ukutani kinaonyesha nyuzi 29, lakini mifuko iliyo katikati ya rundo imekufa. Toa sababu, na pendekeza marekebisho mawili yasiyogharimu fedha.